Bangi na Kifafa: Tutenganishe Dawa na Msokoto

Mada ya bangi ikiibuka hosteli, lazima atokee mtu wa kusema, "Mbona Wazungu wanaitumia kama dawa?" Hajadanganya. Shida inaanza pale maneno hayo yanapomfikia mwenzetu mwenye kifafa, aliyechoka kumeza vidonge kila siku, akadhani kumbe kuna njia ya mkato. Mimi nasomea ualimu na najua nitafundisha watoto wenye kifafa, kwa hiyo naomba tulichambue suala hili taratibu.

Ndani ya bangi kuna kemikali nyingi, ila mbili ndizo zinazotajwa sana: THC na CBD. THC ndiyo inayolewesha. CBD hailevyi, na dawa ya kifafa imetokana na hii.

Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji yenye CBD iliyosafishwa. Si ya kila kifafa. Ilianza na aina mbili adimu za utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut, ambazo mara nyingi dawa za kawaida hushindwa kuzituliza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watoto na vijana 120 wenye Dravet waligawanywa makundi mawili. Kwa waliopewa CBD, kiwango cha kati cha degedege kwa mwezi kilishuka kutoka 12.4 hadi 5.9. Kwa waliopewa dawa bandia, kilitoka 14.9 hadi 14.1 tu. Lakini waliopata CBD na kuacha kabisa kuanguka walikuwa asilimia 5.

Halafu kuna jambo ambalo stori za hosteli huliruka: wagonjwa hao hawakuacha dawa zao za zamani. CBD iliongezwa juu yake. Tena ina madhara yake, kama usingizi, kuhara na kuumiza ini, ndiyo maana daktari hupima damu.

Sasa linganisha na msokoto wa mtaani. Nani anajua una THC kiasi gani na CBD kiasi gani? Dozi haipimwi kwa pafu, jamani. Na kwa sheria za Tanzania, kukutwa nao ni kosa.

Hatari kubwa zaidi ni kuacha vidonge ghafla. Degedege linaweza kurudi kwa nguvu, lisikatike, na likaua. Kama vidonge vinamchosha rafiki yako au havimsaidii, mwambie arudi kliniki. Dozi hurekebishwa, na dawa hubadilishwa kwa utaratibu.

Na akianguka mbele yako, ondoa vitu vigumu karibu yake, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Tazama saa. Zikipita dakika 5 bado anatetemeka, mkimbize hospitali.