Mbotela ameaga, swali lake limebaki nyumbani

IJUMAA ya Februari 7, 2025, habari kwamba Leonard Mambo Mbotela ameaga dunia zilienea upesi kutoka simu moja hadi nyingine. Alikuwa na umri wa miaka 84. Kwa Wakenya waliokua wakati nyumba nzima ilikuwa na redio moja tu, ilikuwa kama kufiwa na mtu wa ukoo. Wengi wao hawakuwahi kukutana naye hata siku moja, ila sauti yake wangeitambua popote.

Kwa watoto mambo yalikuwa tofauti. Walimwona babu amenyamaza kitini, au mama akirudia kusikiliza sauti ile ile kwenye simu, wakauliza: huyu alikuwa nani?

Jibu jepesi ni kwamba alikuwa mtangazaji wa redio. Ni kweli, lakini kwa mtoto anayeijua redio kama kelele ya matatu asubuhi akienda shuleni, jibu hilo halielezi kwa nini babu amenyamaza. Mbotela anastahili jibu refu zaidi, na watoto wanastahili kulisikia, kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo wazazi hutafuta namna ya kuyafundisha kila siku.

Mtoto wa Freretown

Mbotela alizaliwa Mombasa, Mei 29, 1940, na chimbuko la familia yake ni Freretown. Mtaa huo ulianzishwa miaka ya 1870 kuwa makao ya watu waliokombolewa utumwani. Hadi leo abiria wa upande wa Nyali na Kisauni hushuka Kengeleni, mahali palipopewa jina kutokana na kengele iliyotumiwa zamani kuwaita na kuwatahadharisha wakazi hao.

Babu yake alikuwa mmoja wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka bara, upande wa Nyasa, kisha wakaachiliwa huru. Baba yake, James Mbotela, aliiandika historia ya watu hao katika kitabu *Uhuru wa Watumwa*, kilichotolewa mwaka wa 1934. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya hadithi ndefu kuandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika wa Kenya.

Mwaka wa 1964 kijana huyo wa Freretown alijiunga na shirika la utangazaji la taifa, ambalo mwaka huo lilianza kuitwa Sauti ya Kenya. Lilirudia jina la KBC mwaka wa 1989. Alisoma habari na kutangaza mechi za kandanda, kiasi kwamba mashabiki waliokuwa mbali na uwanja walihisi wameuona mpira wenyewe. Lakini kilichomwingiza katika kila nyumba ni kipindi alichokianzisha mwaka wa 1966 na kukiendesha kwa zaidi ya miaka 50: *Je, Huu ni Ungwana?*

Neno lenye historia

Mzazi anayetaka kumweleza mtoto uzito wa kipindi hicho anaweza kuanzia kwenye neno lenyewe. Leo tukisema muungwana tunamaanisha mtu mwenye adabu, mstaarabu, anayejua kuishi na wenzake. Zamani katika pwani yetu neno hilo lilikuwa na maana nyingine. Muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Mtu alizaliwa muungwana au hakuzaliwa, na akiwa mtumwa, hata awe na adabu namna gani, hakuitwa hivyo.

Sasa mjukuu wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa ndiye aliyekaa mbele ya maikrofoni, wiki baada ya wiki, akiwauliza wananchi wote, tajiri na maskini, bosi na tarishi: je, huu ni ungwana? Katika kipindi chake hakuna aliyeulizwa alizaliwa na nani. Kilichopimwa ni alichokitenda. Waswahili walikwishasema kwamba muungwana ni vitendo, na Mbotela aliufanya msemo huo kuwa kazi ya maisha yake.

Aliuliza, hakufoka

Namna yake ilikuwa rahisi. Alieleza jambo ambalo watu hulifanya barabarani, dukani, kwenye sherehe au nyumbani kwa wenzao. Alilieleza kwa ucheshi, mpaka msikilizaji akaliona mbele ya macho yake. Kisha akauliza swali lake na kumwachia kila mtu ajijibu.

Wazazi waliokuwa watoto wakati huo wanakumbuka kilichofuata. Mtu mmoja sebuleni alicheka. Mwingine alitazama chini, kwa kuwa jambo lililosimuliwa alilifanya jana yake. Baba hakuhitaji kuongeza neno. Na mara nyingine aliyetazama chini alikuwa baba mwenyewe.

Hapo ndipo wazazi wa leo wanapoweza kuokota kitu. Mtoto akifokewa mbele ya watu, akili yake yote hukimbilia kujitetea au kuficha aibu, na somo humpita. Akiulizwa kwa utulivu, hulazimika kulitazama jambo lenyewe na kumfikiria yule aliyeumizwa. Uwezo huo wa kujiweka katika nafasi ya mwenzake haumjii mtoto kwa amri. Hukua polepole, kwa mazoezi, kama misuli.

Mambo ya kuuliza hayajapungua tangu 1966. Mtu ameanguka barabarani na mtoto, badala ya kumwinua, ametoa simu kupiga video: je, huu ni ungwana? Nyanya amekuja kutoka mashambani, anasimulia safari yake, na kila mjukuu ameziba masikio kwa vipokea sauti: je, huu ni ungwana? Abiria anasikiliza vichekesho kwa sauti ya juu ndani ya matatu huku mwenzake amembeba mtoto mgonjwa: je, huu ni ungwana?

Swali hili lina masharti mawili. La kwanza, lisiulizwe kwa kejeli, kwani likitumiwa kama fimbo litaumiza kama fimbo. La pili, mzazi akubali kuulizwa pia. Mama aliyeweka mtandaoni picha ya mwanawe akilia, ili jamaa na marafiki wacheke, anaweza kuulizwa na mtoto huyo huyo. Akijibu kwa ukweli na kuiondoa picha hiyo, atakuwa amefundisha zaidi ya mahubiri ya mwezi mzima.

Siku ya bunduki

Kuna siku moja ambayo haiwezi kuachwa katika kumbukumbu za Mbotela. Jumapili ya Agosti 1, 1982, alfajiri, wanajeshi wa kikosi cha wanahewa waliojaribu kupindua serikali ya Rais Daniel arap Moi walimfuata nyumbani kwake Nairobi. Miongoni mwao alikuwa Hezekiah Ochuka, aliyeongoza jaribio hilo. Walimpeleka kwenye studio za Sauti ya Kenya na kumlazimisha kulitangazia taifa kwamba serikali imepinduliwa.

Kwa nini walimtaka yeye? Kwa sababu wananchi walimwamini. Sauti iliyowafundisha adabu na kuwatangazia mpira ilikuwa sauti ya kweli, na walioshika bunduki walilijua hilo. Jaribio hilo halikufika mbali. Wanajeshi watiifu kwa serikali, wakiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, waliikomboa studio, na Mbotela huyo huyo akatangaza kwamba serikali ya Moi bado iko madarakani.

Miaka mingi baadaye, katika mahojiano, aliieleza siku hiyo waziwazi, pamoja na hofu aliyokuwa nayo. Hakujifanya shujaa. Waswahili husema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Alivuliwa heshima yake mbele ya taifa zima, akajisitiri kwa kadiri alivyoweza, na hatari ilipopita akarudi kazini.

Simulizi hii ina faida kubwa kwa mtoto kuliko inavyoonekana. Kila shule ina mtoto aliyelazimishwa na wakubwa kuiba, kusema uongo au kunyamazia jambo baya alilotendewa, kisha akabaki na aibu ambayo si yake. Mtoto kama huyo anahitaji kusikia kutoka kwa mzazi kwamba aliyelazimishwa kwa vitisho hana hatia, kwamba kuogopa si aibu, na kwamba hatari ikipita anapaswa kumwambia mtu mzima anayemwamini. Kisa cha Mbotela kinampa mzazi njia ya kulianza zungumzo hilo bila kumnyooshea mtoto kidole.

Mtoto akiuliza kuhusu kifo

Kifo cha mtu maarufu mara nyingi humpa mzazi nafasi ya kwanza ya kuzungumza na mtoto kuhusu kifo, kabla msiba haujabisha hodi nyumbani kwao. Ni vizuri kuitumia nafasi hiyo vyema.

Watoto wa chini ya miaka mitano, kwa kawaida, huona kifo kama jambo la muda. Wanaweza kuambiwa leo kwamba mtu amekufa, na kesho wakauliza atarudi lini. Hapo mzazi asikasirike. Arudie maelezo yale yale, kwa maneno yale yale.

Maneno yawe wazi. Kumwambia mtoto mdogo kwamba marehemu amelala kunaweza kumfanya aogope kitanda chake. Kumwambia kwamba amesafiri humfanya amsubiri. Inatosha kusema kwamba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii maumivu na hatarudi. Familia yenye imani yake inaweza kuongeza inachoamini, baada ya ukweli huo kueleweka.

Kwa mtangazaji kuna swali moja zaidi. Mtoto ataisikia sauti ya Mbotela kwenye simu na kushangaa: kama amekufa, mbona anazungumza? Mwelezeni kwamba ile ni sauti iliyohifadhiwa alipokuwa hai, kama picha inavyohifadhi sura. Mtu ameondoka, aliyoyasema yamebaki. Watoto wengi hulielewa hilo haraka kuliko tunavyodhani.

Babu na nyanya nao wasisahauliwe. Kwa mzee anayeshinda peke yake, sauti ya redio huwa mwenzake wa kila siku, na sauti hiyo ikizimika huamsha misiba mingine ya zamani. Asiambiwe kwamba analia bure kwa mtu asiyemjua. Aulizwe alikuwa akimsikiliza wapi, na nani, redio ilikuwa ya aina gani, na nani aliyeruhusiwa kuigusa. Mazungumzo ya namna hiyo ni dawa. Lakini akiendelea kwa wiki kadhaa kukosa usingizi, kukataa chakula au kujitenga na watu, apelekwe kituo cha afya. Huzuni ya wazee hutibika, na si lazima ichukuliwe kuwa ni uzee tu.

Sauti za nyumbani

Kifo cha Mbotela kinakumbusha pia kwamba kila familia ina sauti yake inayopendwa. Kuna nyanya anayejua ukoo wote kwa majina, na kuna mjomba ambaye hadithi zake huwavunja watu mbavu. Sauti ya Mbotela imebaki kwa sababu alirekodiwa. Simu iliyo mkononi mwa mzazi wakati huu inaweza kurekodi ya nyanya Jumapili hii, akiwa hai na mwenye nguvu. Mjukuu ndiye aulize maswali.

Kisha jioni, simu zikiwekwa kando, mtu mmoja asimulie jambo alilolishuhudia siku hiyo, bila kutaja jina la mtu. Baada yake wote waulizane kama lilikuwa ungwana. Watoto watabishana, watacheka, na mmoja atatazama chini. Mzazi asiongeze neno.