Kijana Aijue Serikali Kabla ya Kura ya Kwanza

Kila ulipofika wakati wa wanafunzi wa Kidato cha Pili kuchagua masomo ambayo wangekwenda nayo hadi KCSE, wazazi walijaa shuleni. Fizikia haikuhitaji mtetezi, wala Somo la Biashara. Lililotiliwa shaka lilikuwa langu, Historia na Serikali. "Mwalimu, litampa kazi gani huyu?" Nami nilijibu kwamba linamfaa anayetaka sheria, uanahabari au utawala. Kisha niliongeza lile ninaloliona zito zaidi: mtoto huyu huenda akawa mpiga kura kabla hajaajiriwa na mtu yeyote.

Nafundisha katika shule ya kutwa, Kaunti ya Kilifi. Mtihani wa somo hili una karatasi mbili. Ya kwanza ni ya Kenya, ya saa mbili na nusu: Sehemu A ya maswali mafupi ina alama 25, Sehemu B ya historia alama 45, na Sehemu C, ambayo ni ya serikali, alama 30. Ya pili inatoka nje ya mipaka yetu, na humo mwanafunzi hujifunza jinsi viongozi wanavyochaguliwa Uingereza, Marekani na India. Uraia ulianza Kidato cha Kwanza na katiba iliguswa Kidato cha Pili. Ila mihimili ya serikali, uchaguzi, ugatuzi na fedha za umma vyote vinaangukia miaka miwili ya mwisho, mtoto akiwa na miaka 16 au 17, wengine 18 tayari.

Wengi hulisoma kwa kukariri. Swali linataka majukumu matano ya Spika. Mwanafunzi anamwaga hoja tano, anavuna alama zake, na kufikia Krismasi kila kitu kimeyeyuka. Ndiyo maana mimi huingia darasani na Katiba yenyewe, ile tuliyoipitisha kwa kura ya maamuzi Agosti 4, 2010. Ina sura 18 na ibara 264. Simtaki mwanafunzi aimeze yote. Namtaka ajue kuipekua, maana anayejua kuipekua hadanganywi ovyo jukwaani.

Tulipofika mada ya ugatuzi, nilianza na basari. Darasa zima linazijua. Fomu moja hutoka NG-CDF, hazina ya eneobunge. Nyingine hutoka kaunti, na watu huifuata kwa mwakilishi wadi. Niliwaambia wafungue Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye karo yake ya muhula huo ilikuwa imelipwa na kaunti, alisoma huku kidole kikifuata kila mstari. Kaunti zimepewa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Shule za upili ziko upande wa serikali ya kitaifa. Akainua kichwa: "Sasa mwalimu, mbona kaunti ndiyo inayonilipia mimi?"

Hapo ndipo siasa ilipoanza kusomwa. Mvulana mmoja alisema kaunti iendelee tu, mtoto hawezi kukaa nyumbani kwa sababu ya jedwali. Mwenzake akasema pesa hizo hizo zingejenga chekechea kijijini kwao, ambako watoto husomea chini ya mkorosho. Wa tatu akauliza kama serikali moja inaweza kuikabidhi nyingine kazi yake. Nikamwelekeza Ibara ya 187, inayoruhusu hilo kwa makubaliano. Mwanzoni mwa 2025 swali hilo likawa habari ya taifa zima: Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti zisitoe basari bila makubaliano ya namna hiyo, na mvutano ukafika mahakamani. Walioguswa na mvutano ule walikuwa watoto kama yule wa dawati la mbele, na yeye tayari alijua unatoka wapi.

Kazi hii ina ugumu wake. Katika darasa moja nina mtoto wa wakala wa chama hiki na mtoto wa mwaniaji aliyeshindwa kwa tiketi ya chama kile. Wanakuja na maneno ya nyumbani, na ni haki yao. Mimi chama changu hawakijui, wala hawatakijua. Kanuni yetu ni moja: kabla hujasema nani ana makosa, soma ibara. Oktoba 2024, Bunge la Kitaifa lilipopiga kura ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua na suala likaenda Seneti, niliandika ubaoni "145" na "150", basi. Seneti iliidhinisha mashtaka matano kati ya 11. Nusu ya darasa ikasema hiyo si haki, kwa kuwa sita yalianguka. Wakarudi kwenye Ibara ya 145 na kukuta kwamba hata shtaka moja likiungwa mkono na thuluthi mbili ya maseneta, linatosha. Hawakukubaliana kama kanuni hiyo ni nzuri. Walikubaliana kwamba ndiyo kanuni iliyopo, na mjadala wa maana huanzia hapo.

Miezi michache kabla ya hapo, vijana walikuwa wameusoma Mswada wa Fedha wa 2024 na kuufafanua kwa simu zao, hata kwa lugha za mama. Wengi wao ndio kwanza walikuwa wametoka mikononi mwa walimu kama mimi. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Vifo vile bado vinaniuma. Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka. Ibara ya 118 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria. Nataka kila mwanafunzi anayemaliza Kidato cha Nne ajue kuandika maoni yake na kuyapeleka kwa kamati ya Bunge mswada ukiwa bado mezani, na ajue pia kumuuliza mbunge wake ameyafanyia nini maoni hayo.

Sasa mfumo wa 8-4-4 unaaga; KCSE yake ya mwisho ni ya 2027. Kuanzia Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wamegawanywa katika njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Historia na Uraia imewekwa katika njia ya sayansi ya jamii. Mafunzo ya Huduma kwa Jamii ni ya lazima kwa wote na yana uraia ndani yake, lakini mimi sioni kama yanatosha. Daktari na mhandisi wa kesho watapiga kura vilevile, watalipa ushuru vilevile, na watahitaji kujua ni mlango upi wa kubisha hospitali ya kaunti ikikosa dawa. Wizara ingefanya vyema kuwapa wote, wa njia yoyote ile, sura za ugatuzi na fedha za umma kabla hawajatoka shuleni.

Wakati hilo linasubiriwa, tusikae tu. Uchaguzi mkuu ujao, kwa mujibu wa Katiba, ni Agosti 10, 2027. Mzazi mwenye mtoto atakayetimiza miaka 18 kabla ya siku hiyo, mwambie akusomee Sura ya Kumi na Moja ya Katiba, ile ya ugatuzi, jioni moja, mjadiliane, kisha umsindikize akachukue kitambulisho na kujiandikisha kuwa mpiga kura.