Alama nyekundu ya kuzaliwa si kosa la mama, na nyingine haitaki kusubiri

 

Wiki hii tunazungumzia alama nyekundu au za zambarau ambazo mtoto huzaliwa nazo, au humtokea muda mfupi baada ya kuzaliwa. Za kichwani pengine huonekana siku ya saba, mtoto anaponyolewa nywele. Hapo ndipo maneno huanza. Huyu atasema mama alijikuna usiku mwezi ulipopatwa. Yule atasema alitamani chakula fulani akiwa na mimba akanyimwa. Mwingine atasema ni jicho la hasidi. Mama anabebeshwa lawama, mtoto anapelekwa kuchanjwa chale, na siku nzuri za kumtibu zinapita.

Suala la kupatwa kwa mwezi Mtume (S.A.W.) alikwishatufunza. Alipofariki mwanawe Ibrahim jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo hicho. Mtume akawaeleza kuwa jua na mwezi ni ishara za Allah, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Basi tusimtwishe mama mzigo usio wake.

Alama hizi ni mishipa midogo ya damu iliyoongezeka au kutanuka ndani ya ngozi. Aina mbili ni muhimu kuzitofautisha, kwa sababu matibabu yake hayafanani.

AINA YA KWANZA: INAYOVIMBA

Hii madaktari huiita hemanjioma. Mara nyingi mtoto huzaliwa bila kitu, au na kidoa kidogo tu. Wiki chache baadaye kinakuwa chekundu, kinainuka na kukua haraka. Kukua kwake zaidi ni katika miezi mitano ya mwanzo. Baada ya hapo hutulia, kisha hunywea polepole kwa miaka. Huwapata zaidi watoto wa kike na waliozaliwa kabla ya wakati.

Nyingi hazina madhara na huachwa zipotee zenyewe. Lakini usisubiri ikiwa ipo karibu na jicho, maana jicho lililozibwa utotoni huweza kupoteza uwezo wa kuona. Vivyo hivyo ikiwa ipo puani, mdomoni, kidevuni au shingoni, ikiwa ni kubwa usoni, ikiwa ipo sehemu za siri au chini ya mgongo, ikiwa imefanya kidonda, au zikiwa tano na kuendelea. Mtoto akiwa na ya kidevuni au shingoni kisha anapumua kwa kukoroma, huenda ipo nyingine kooni. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wengine nao waonwe mapema, ikiwezekana kabla hawajatimiza mwezi mmoja.

Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, wakiongozwa na Christine Léauté-Labrèze, waliandika jambo waliloligundua bila kulitarajia. Mtoto waliyempa propranololi kwa ajili ya moyo alionekana uvimbe wake wa ngozi unafifia. Leo dawa hiyo ya kunywa ndiyo chaguo la kwanza kwa hemanjioma zenye hatari, na hutumika kwa miezi sita au zaidi.

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Propranololi ni dawa ile ile ambayo pengine bibi anaitumia kwa presha. Haramu kwako kumvunjia mtoto kidonge hicho nyumbani! Huweza kushusha sukari mwilini, kupunguza mapigo ya moyo na kubana kifua. Daktari humpima mtoto kwanza, kisha hupanga kipimo kwa uzito wake. Mtoto anyonye ndipo apewe. Siku akitapika au akikataa kunyonya, msimpe, mwambieni daktari.

Kwa hemanjioma ndogo na bapa, ipo timololi, dawa ya matone itumikayo kwa presha ya macho. Hupakwa juu ya ngozi kwa maelekezo ya daktari. Nayo huingia mwilini, hivyo usizidishe wala usipake penye kidonda.

AINA YA PILI: BAKA LISILOONDOKA

Hili mtoto huzaliwa nalo. Ni bapa, jekundu au la zambarau, na kwenye ngozi yetu nyeusi huweza kuonekana kama weusi uliokolea. Halivimbi utotoni wala halipotei. Hukua pamoja na mtoto, na ukubwani huweza kuwa zito na lenye vinundu. Mwaka 2013 wanasayansi waligundua kuwa hutokana na badiliko dogo la chembe za urithi linalotokea mtoto akiwa tumboni. Halirithiwi kwa baba wala kwa mama.

Likiwa kwenye paji la uso au kope ya juu, mtoto apimwe macho na aonwe na daktari wa watoto. Baadhi yao hupata presha ya macho na kifafa. Akipata degedege, usiseme ni shetani. Mpeleke hospitali.

Propranololi na timololi hazisaidii baka hili. Tiba yake ni leza, yaani mwanga maalumu. Msingi wake ulielezwa mwaka 1983 na madaktari wa Marekani, Anderson na Parrish: mwanga uliochaguliwa vizuri hunyonywa na wekundu wa damu, ukauchoma mshipa na kuiacha ngozi. Hurudiwa mara nyingi, kwa wiki kadhaa kati ya awamu na awamu. Baka hufifia, lakini wachache tu hufutika kabisa. Ipo pia krimu ya sirolimusi inayojaribiwa pamoja na leza, ila matokeo yake bado yanatofautiana.

Ngozi nyeusi nayo hunyonya mwanga huo. Nguvu ikizidi, mtu huungua na kubaki na makovu au madoa. Mwambie mtaalamu ajaribu kwanza sehemu ndogo, na baada ya tiba mkinge mtoto na jua. Mashine hizi ni chache na ghali, kwa hiyo usimpe fedha yako mtu wa saluni anayedai anayo.

JE, NI KUBADILI MAUMBILE YA ALLAH?

Kutibu kasoro si sawa na kujichanja kwa urembo. Sahaba Arfaja (R.A.) alikatwa pua vitani, akaweka ya fedha ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamruhusu kuweka ya dhahabu.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

Wakati wa kunyoa, wembe usipite juu ya uvimbe. Usichome wala usichanje, mishipa hiyo hutoka damu nyingi. Ikitoka, bana kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuachia. Ikiwa ipo kwenye nepi, badilisha mapema na osha kwa maji safi bila kusugua. Kila kliniki muonyeshe mhudumu, naye akuandikie rufaa kwa daktari wa watoto au wa ngozi.

Na wewe baba, kabla ya kumuuliza mkeo alifanya nini, muulize lini mnakwenda hospitali.

Wabillahi tawfiq.