Askari wa Kike wa Dahomey

Juma hili nazungumzia vita, na aliyenichokoza ni binti yangu. Alitazama filamu ya Kimarekani ya mwaka 2022, The Woman King, akaja mbio kuniuliza kama kweli Afrika ilipata kuwa na jeshi la wanawake watupu, au ni mambo ya sinema tu. Nikamjibu kuwa jeshi lilikuwapo. Shida ilianza aliponiuliza walikuwa wakipigana na nani.

Ufalme wa Dahomey ulikuwa katika nchi ambayo leo inaitwa Benin, na makao yake yalikuwa Abomey. Kuhusu asili ya jeshi hilo kuna masimulizi mengi. Wengine husema lilianzishwa na malkia Hangbe mwanzoni mwa karne ya 18. Wengine husema lilitokana na wanawake waliokuwa wakiwinda tembo. Lililo hakika ni kwamba Mfalme Ghezo, aliyetawala tangu 1818 hadi 1858, ndiye aliyelikuza likawa jeshi la kudumu lenye maelfu ya askari. Walihesabiwa kuwa wake za mfalme, na ole wake mwanamume mwingine ambaye angewagusa! Wenyeji waliwaita mino, yaani mama zetu. Silaha zao zilikuwa magobori, marungu na mapanga. Katika mazoezi walirukia boma la miiba miguu mitupu, wakatokea upande wa pili wakivuja damu.

Haya, walipigana na nani? Hapo ndipo nilipomeza mate. Vita vyao vingi vilikuwa vya kukamata watu. Mateka walipelekwa pwani, katika bandari ya Ouidah, wakauzwa na kupakiwa melini kwenda Brazil na Cuba, na biashara hiyo ndiyo iliyoleta magobori. Katika sinema, shujaa anamsihi mfalme aiache. Lakini Machi 1851 jeshi la Ghezo liliushambulia Abeokuta, mji wa Waegba ulioko Nigeria ya leo, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Waegba waliwapiga vibaya. Mwaka 1864 walirudi, safari hii chini ya Mfalme Glele, wakapigwa tena. Ukikaa na mzee wa Abeokuta ukamsifia mashujaa hao, usitegemee akupigie makofi.

Lakini wanawake haohao ndio waliosimama mbele ya Wafaransa. Mfaransa Jean Bayol, aliyefika Abomey mwishoni mwa 1889, alieleza jinsi alivyomwona msichana mmoja, Nansica, akimkata kichwa mateka ili kuonyesha kuwa amekomaa. Miezi michache baadaye, Machi 1890, baada ya mapigano ya Cotonou, Bayol aliuona mwili wa msichana huyo kati ya maiti.

Vita vikubwa vilikuja mwaka 1892, jeshi la Wafaransa likiongozwa na Kanali Dodds, mzaliwa wa Senegal. Wafaransa walikuwa na mizinga, bunduki mpya na singe ndefu. Mwenye panga hawezi kumfikia mwenye singe, hata awe na moyo wa simba. Askari wa Kifaransa wenyewe walikiri kuwa wanawake wale walipigana bila kujali kifo. Wengi sana waliuawa. Novemba mwaka huo Abomey ikaanguka, na Januari 1894 Mfalme Behanzin akajisalimisha, akapelekwa uhamishoni Martinique.

Julai 2022 serikali ya Benin ilizindua sanamu ya askari wa kike mjini Cotonou, yenye urefu wa mita 30. Nilimwonyesha binti yangu picha yake. Akaitazama kwa muda, kisha akauliza kama wale waliouzwa nao wamejengewa chochote. Nikamwambia kuwa mwendo wa kilomita kama 40 kutoka hapo, ufukweni Ouidah, katika miaka ya 1990 ulijengwa mlango mkubwa unaoelekea baharini, nao unaitwa Mlango wa Kutorudi.