Njiti za Kiberiti Zatumika Kupima Kumbukumbu za Wazee

Mzee ambaye hakupata kusoma shule akikabidhiwa kalamu na kutakiwa kuchora saa, huenda akashindwa ilhali akili yake ni timamu. Kwa sababu hiyo, watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, waliandaa kipimo kisichohitaji kusoma wala kuandika, kinachofahamika kama IDEA.

Awali, utafiti wa wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi wilayani humo ulibaini kuwa takriban asilimia 6 waliishi na ugonjwa wa kusahau, yaani dimensia. Wengi wa aina hiyo huonwa na jamaa zao kuwa wamezeeka tu.

Katika kipimo hicho, mzee huulizwa siku ya juma, jina la kiongozi wa kijiji chake na daraja ni kitu gani. Hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka orodha ya maneno 10 na kupanga njiti nne za kiberiti kwa kufuata mfano.

Ieleweke kwamba alama ndogo si uthibitisho wa ugonjwa. Uziwi, sonona, maambukizi, upungufu wa vitamini B12, hata baadhi ya dawa, huweza kuvuruga kumbukumbu, na mengi kati ya hayo hutibika. Hivyo, anayemsindikiza mzee kituoni awe mtu anayeishi naye, na abebe dawa zote anazotumia, zikiwemo za asili.