Paka hana haja na chokoleti yako

Chokoleti huua paka. Hilo halina ubishi, lakini likisemwa hivyo tu halimsaidii mzazi wa Rongo au Mbita, magharibi mwa Kenya, ambaye mwanawe amemgawia paka kipande cha chokoleti, na sasa nyumba nzima ina wasiwasi. Mzazi huyo anahitaji kujua mambo matatu: ilikuwa chokoleti ya aina gani, paka amekula kiasi gani, na ana uzito wa kilo ngapi.

Kinachodhuru ni theobromini, kemikali iliyomo katika mbegu za kakao pamoja na kafeini kidogo. Kakao yenyewe haitoki mbali sana nasi: hulimwa Bundibugyo nchini Uganda, Kyela kusini mwa Tanzania, na Beni mashariki mwa Kongo. Mwili wa binadamu huiondoa theobromini bila taabu. Mwili wa mbwa au paka huiondoa polepole mno. Kwa mbwa, ambaye amechunguzwa zaidi, nusu ya kiasi alichokula huwa bado imo mwilini baada ya saa 17 hivi. Humo ndani huuchochea moyo na mishipa ya fahamu bila kuvipa nafasi ya kupumzika.

Sasa tupige hesabu. Madaktari wa mifugo huanza kuwa na hofu mnyama akifikisha miligramu 20 za theobromini kwa kila kilo ya uzito wake. Hapo hutapika, huhara, hunywa maji mengi na hatulii. Akifika miligramu 40 hadi 50, moyo hupiga ovyo. Kwenye 60 huja degedege. Paka mzima wa kawaida ana kilo 3 au 4, basi tumchukue huyo wa kilo 3: matatizo yake yanaanza kwenye miligramu 60. Chokoleti ya maziwa ina kama miligramu 2 katika kila gramu, kwa hiyo atahitaji gramu 30 kufika hapo, na hicho si kipande kidogo kwa tumbo la paka. Chokoleti nyeusi ina kama miligramu 5, kwa hiyo gramu 12 zinatosha. Unga mtupu wa kakao, ule wa kuokea keki, una zaidi ya miligramu 20 katika kila gramu. Gramu 3 tu, yaani kijiko kimoja cha chai, zinamfikisha. Chokoleti nyeupe karibu haina theobromini kabisa, ingawa mafuta yake yanaweza kumharisha.

Kwa hiyo kopo la kakao lililoachwa wazi mezani linanitia hofu kuliko pipi yoyote ya chokoleti ya dukani. Ile chokoleti ya unga ambayo wengi huwakorogea watoto kwenye maziwa ni nafuu kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni sukari. Ya kuangaliwa zaidi ni masanduku ya zawadi. Ndugu anaporudi Homa Bay kutoka Qatar au Saudia akiwa na boksi la chokoleti nyeusi, watoto hawasomi maandishi ya pembeni kabla ya kugawa.

Nasema kugawa kwa sababu paka mwenyewe hatafuti vitu hivi. Mwaka 2005, Xia Li na wenzake wa kituo cha Monell mjini Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba jeni moja kati ya mbili zinazounda kionjo cha utamu ulimini imeharibika kwa paka na haifanyi kazi. Walichunguza pia simbamarara na duma, wakakuta kasoro ile ile. Duma wa Maasai Mara, si mbali na Migori, haonji sukari, na paka wa Awendo anaweza kuishi maisha yake yote akivuta harufu ya kiwanda cha sukari cha Sony bila kujua miwa ina nini cha kusifiwa. Ndiyo maana visa vingi vya sumu ya chokoleti ni vya mbwa, mlafi asiyechagua. Paka akilamba keki au aiskrimu, anachofuata ni mafuta na maziwa. Mweke kati ya chokoleti na omena, utaona mwenyewe.

Ikiwa ameila, dalili hazitokei papo hapo. Huchukua saa 6 hadi 12, na hapo ndipo watu wengi hupotezwa. Mtoto amempa chokoleti saa kumi jioni, saa moja usiku paka bado anacheza, familia inalala kwa amani, na alfajiri anakutwa anatetemeka. Theobromini haina dawa ya kuipinga. Daktari anaweza kumtapisha ikiwa ni mapema, kumpa mkaa maalumu wa dawa unaonasa sumu tumboni, kumtundikia maji, na kutuliza moyo au degedege. Mkaa huo mara nyingi hurudiwa, kwa sababu theobromini hupitia kwenye nyongo na kurudi tena utumboni. Inaweza hata kufyonzwa upya kutoka kwenye kibofu, kwa hiyo paka akikojoa mara kwa mara ni jambo la kufurahia.

Tiba za nyumbani naomba ziachwe. Maziwa, ambayo kwetu hukimbiliwa kwa kila sumu, hayaizimi theobromini. Maji ya chumvi ya kumtapisha yanaweza kumuua kabla chokoleti haijaanza kazi yake. Makaa ya jikoni yaliyosagwa si ule mkaa wa hospitali.

Hata hivyo, kama ningepewa dakika moja tu ya kusema na wafugaji wa paka wa kaunti za Migori na Homa Bay, nisingeitumia kwa chokoleti. Ningeitumia kwa panadol.

Mwaka 2000, Michael Court na David Greenblatt wa Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani walieleza kasoro nyingine ya paka: jeni inayoliwezesha ini kuiondoa parasetamoli, dawa iliyomo kwenye panadol, imekufa ndani yake. Dawa ambayo mama humpa mtoto mwenye homa bila kufikiri mara mbili hugeuka sumu ndani ya paka, ikaharibu damu hadi ishindwe kubeba oksijeni. Miligramu 10 kwa kila kilo zinaweza kumdhuru. Kidonge kimoja kina 500. Kijiko cha dawa ya maji ya watoto kina 120, sawa na 40 kwa kila kilo ya paka wetu. Nusu kidonge, ambacho mtu mwema anaweza kukisaga na kukichanganya na samaki akiona paka wake amezubaa, kinatosha kummaliza. Panadol Extra ina ziada ya miligramu 65 za kafeini, binamu wa theobromini, na kwa mnyama wa kilo 3 kafeini hiyo peke yake ni tatizo.

Dalili zake ni tofauti na za chokoleti. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia au samawati, uso na nyayo huvimba, mkojo huwa mweusi, na paka huhema kama amekimbizwa. Hii, kinyume na theobromini, ina dawa yake: asetilisisteini, ile ile wanayopewa watu waliozidisha parasetamoli. Inasaidia sana ikiwahi.

Hatari ya tatu nitaipitia haraka. Dawa za kupe za ng'ombe, hasa zenye pemethrini na jamaa zake, hazifai kumwogeshea paka mwenye viroboto hata zikizimuliwa. Ini lake halizimudu, na kwa kuwa hujilamba mwili mzima, atazinywa. Akianza kutikisika masikio na misuli, aoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, afungwe kitambaa asijilambe, kisha apelekwe kwa daktari.

Na daktari ni daktari. Muuzaji wa agroveti anaweza kuwa mtu wa msaada mkubwa kwa kuku na ng'ombe wako, lakini tangu sheria ya mwaka 2011, wanaoruhusiwa kutibu wanyama Kenya ni waliosajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Uliza kama anayemtibu paka wako amesajiliwa. Madaktari wengi hushinda mashambani na ng'ombe, kwa hiyo mpigie daktari simu mara tu unapogundua, usingoje dalili. Paka apimwe uzito kabla hamjaondoka: simama kwenye mizani ukiwa umempakata, kisha simama peke yako, utoe. Karatasi ya chokoleti isitupwe jalalani, kwa kuwa gramu na asilimia ya kakao zilizoandikwa juu yake ndizo daktari atakazoanzia hesabu yake.