Tuhesabu kwa Kompyuta (2): Jumatano ya Mayai 12

Juma lililopita tulisakinisha Octave tukaishia kuitumia kama kikokotoo. Leo tuipe kazi. Tuseme mfugaji ameokota mayai siku saba mfululizo, kuanzia Jumamosi:

mayai = [42 45 39 44 12 43 41]

Mabano ya mraba yamezifunga namba zote chini ya jina moja. Huo ndio moyo wa programu hii: huiulizi namba moja moja, unauliza fungu zima. Wastani ni mean(mayai), na jibu ni 38. Wengi hufunga daftari hapo. Lakini siku sita kati ya saba zilizidi 38, na hakuna hata siku moja iliyotoa mayai 38! Jaribu median(mayai), inayozipanga namba kwa ukubwa na kuichomoa ya katikati. Utapata 42, hesabu ambayo mfugaji angekutajia bila kompyuta.

Basi ni siku gani iliyouvuta wastani chini? Andika find(mayai < 20). Jibu: 5. Hapa Mswahili ana bahati, maana Octave huanza na moja, nasi majina ya siku zetu yanahesabika tangu mosi. Ya tano ni Jumatano. Lugha ya Python huanzia sifuri. Huko siku hiyohiyo ingeitwa 4, na mwanafunzi mgeni angekwenda kumhoji mfugaji juu ya Jumanne.

Kuku waligoma? Kicheche aliingia bandani? Trei moja hubeba mayai 30, na 12 ukijumlisha 30 ni 42. Huenda kuna trei iliyosahauliwa kuandikwa. Ukiandika mayai(5) = 42, wastani utapanda hadi 42.286 na kila kitu kitapendeza. Usiandike kabla hujamuuliza aliyeokota.

Kwa njia, jina Octave si la muziki. John W. Eaton, aliyeiandika programu hii na kutoa toleo la 1.0 mwaka 1994, aliipa jina la mwalimu wake wa uhandisi wa kemia, Octave Levenspiel, aliyesifika kwa kukadiria hesabu upesi juu ya kipande cha karatasi. Nadhani ile 12 angeitilia shaka kwa kuitupia jicho tu.

Juma lijalo tutazidisha mayai haya kwa bei ya kila siku. Octave itakataa, kwa kukosa nukta moja.